"Mtabibu wangu anasema hatujagusana": mgusano ni nini katika tiba ya Gestalt?

SWALI: Daktari, kwa miezi minne sasa nakwenda kwa mtabibu wa Gestalt kila wiki. Najiandaa vizuri. Nina daftari, naandika ya kusema, na nikifika nasimulia yote, hata yale ambayo sijawahi kumwambia mtu. Wiki iliyopita nilipomaliza kusimulia akaniambia, "Nimekusikia, ila sihisi kama tumegusana." Nilirudi nyumbani nimeudhika, sikusema kitu. Nimemfungulia moyo wote, anataka nini tena? Na neno lenyewe linanitia wasiwasi, maana sipendi kushikwashikwa. Mgusano ni nini hasa, na nitajuaje ukitokea?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na wasiwasi wako wa kushikwa ili tuuondoe njiani. Mgusano unaozungumzwa katika tiba ya Gestalt, ambayo ni aina ya tiba ya nafsi kwa mazungumzo, si mkono begani. Mkono begani waweza kuwa mgusano, na waweza usiwe: mtu hukumbatiwa na mwenye mawazo yake mbali, akatoka pale mpweke kuliko alivyoingia. Na ikitokea siku mtabibu akaona kukugusa mwili kutasaidia, ni juu yake kukuuliza kwanza, na "sitaki" yako inatosha bila maelezo.

Kiswahili chenyewe kinatufaa hapa. Tunasema hotuba ilinigusa, msiba ule uligusa wengi, na hakuna anayeuliza uligusa wapi. Halafu lugha yetu inatenganisha kugusa, kuguswa na kugusana, na katika silabi hizo chache imo karibu nadharia nzima. Ukisimulia maisha yako macho yakiwa kwenye daftari, unaweza kumgusa anayekusikiliza. Yeye ameguswa. Lakini hamjagusana, kwa sababu upande wako hakuna kilichofika kutoka kwake. Nadhani hilo ndilo mtabibu wako alikuwa akijaribu kusema, ingawa angeweza kulisema vizuri zaidi, na nitalirudia.

Tuangalie kidogo neno hili lilikotoka, lisije likabaki fumbo la wenye taaluma. Fritz Perls na mkewe Laura, waanzilishi wa tiba hii, walikuwa Wajerumani waliofundishwa uchambuzi-nafsi wa Freud. Walikimbia utawala wa Hitler mwaka 1933, wakapitia Uholanzi, wakafika Afrika Kusini. Katika mafunzo yao, mtu alitazamwa kama chungu: fungua kifuniko, chungulia ndani, toa kilichofichwa. Wao wakaanza kuhamisha macho. Laura alikuwa amemwangalia mtoto wao akitoka kwenye kunyonya na kuingia kwenye kutafuna, akaandika aliyoyaona. Anayenyonya hupokea kitu kikiwa tayari. Anayetafuna hukutana na kitu kigumu, hukivunja, hukionja, kisha huamua akimeze au akiteme. Wazo hilo likaingia katika kitabu cha kwanza cha Fritz, cha mwaka 1942, na ndani yake kuna kurasa za dhati kabisa kuhusu meno na namna ya kutafuna. Wenzao wa Freud hawakufurahi. Mwaka 1951, wakiwa sasa New York, Fritz pamoja na Ralph Hefferline na Paul Goodman wakatoa kitabu kilichoipa tiba hii jina lake, na humo ndimo mgusano ulipowekwa kiti cha mbele: uhai wa nafsi hauko ndani ya chungu, uko pale kiumbe kinapokutana na kisicho yeye. Mahali hapo wakapaita mpaka wa mgusano.

Neno mpaka lisikutishe. Fanya jaribio dogo sasa hivi, kabla hujasoma mbele. Weka kiganja juu ya meza, kikae bila kutikisika. Mwanzo unaisikia meza: ugumu wake, labda ubaridi. Subiri nusu dakika hivi. Ile hisia inafifia, na baada ya muda mkono na meza vinakuwa kitu kimoja kisichosema chochote. Sasa sogeza kidole kimoja kidogo tu. Meza imerudi. Jiulize basi: ule ugumu ulikuwa kwenye meza au kwenye kidole? Hauko upande wowote peke yake. Umezaliwa pale viwili vilipokutana, na umehitaji mwendo na tofauti ili uendelee kusikika.

Nimekaa na jaribio hili kwa sababu linaondoa kosa ambalo wengi wetu tunalo, la kudhani mgusano ni ukaribu. Ukaribu wa kiganja kisichotikisika ndio ulioua hisia. Watu wawili wanaokubaliana kwa kila jambo, wanaomaliziana sentensi, wasioweza kusema "hapo mimi sioni hivyo", wako karibu sana na pengine hawajagusana kwa miaka. Kina Perls waliita hali hiyo kuchanganyikana, mpaka umeyeyuka. Kwa hiyo mpaka kwetu si ukuta. Nchi mbili hukutana mpakani, si mahali pengine popote. Bila mpaka hakuna wa kukutana na wa kukutwa.

Kitabu kile cha 1951 kinaugawa mgusano katika hatua nne, nazo nitazipitia haraka. Kwanza kitu kinaanza kujitokeza kutoka kwenye usuli: kiu, huzuni, hamu ya kumuuliza mtu swali. Kisha unakigeukia na kutafuta njia, unachukua hiki na kuacha kile. Halafu kinakuja kilele, ambapo kwa muda mfupi hujitazami, umo tu ndani ya tendo. Mwisho unaachia, na kilichopatikana kinakuwa chako. Waalimu wa Gestalt wa Cleveland, Marekani, baadaye waliuchora mzunguko huu kwa hatua nyingi zaidi, na wanafunzi huukariri kama ratiba ya treni. Binafsi naona michoro hiyo ina faida mwaka wa kwanza wa masomo, baada ya hapo inaanza kukuzuia kumwona mtu aliye mbele yako.

Ila kuna hatua moja nataka tuisimamie, ile ya kuachia, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Kujitenga baada ya kukutana ni sehemu ya mgusano. Chakula kinachofuatwa papo hapo na chakula kingine hakimeng'enywi. Na wewe unaniambia unafika na daftari, unasimulia yote. Nakisia kwamba kisa kikiisha unafungua ukurasa wa pili. Kama ndivyo, hakuna dakika iliyoachwa kwa ajili ya kile ulichokwisha kusema, wala kwa ajili ya uso wa mtu aliyekisikia. Viporo vinaongezeka hata siku ambazo umezungumza sana.

Hapa nikupe mfano wa karibu. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Mteja mmoja alikuwa mzungumzaji hodari, mwenye kupanga hoja, mwenye mzaha pia. Alikaa kwenye kiti kile kile kila wiki na kuongea akitazama dirisha lililokuwa juu ya bega langu. Katika wiki ya tisa alikuwa anasimulia jinsi babake alivyokuwa akisoma gazeti wakati yeye, mtoto, anamweleza ya shuleni. Alisimulia kwa ufasaha, bila kigugumizi, na nikajikuta nahesabu vigae vya sakafu. Nikaona aibu, kisha nikajiuliza aibu hii inaniambia nini. Nikamwambia: "Nagundua nimeanza kupotea hapa, na sitaki kupotea katika kisa hiki. Unaweza kusimama kidogo, uangalie kama nipo?"

Akacheka, akaendelea sentensi mbili kwa mazoea, kisha akanyamaza. Macho yakashuka kutoka dirishani polepole, yakafika usoni pangu. Akaniangalia muda. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kumbe unavaa miwani."

Wiki tisa. Miwani hiyo siivui. Tulibaki kimya, machozi yakamlenga, na baada ya hapo alisema mambo machache mno kuliko kawaida yake. "Sikuwahi kuangalia kama baba ananisikiliza. Niliongea tu, ili nisijue." Sasa yule mtu hakuwa muongo wiki zile nane, wala hakuwa mgumu. Alikuwa amejifunza utotoni kuongea bila kutazama, kwa sababu kutazama kungemwonyesha gazeti. Ufundi ule ulimwokoa. Tatizo ni kwamba aliendelea kuutumia mbele ya watu wasioshika gazeti.

Hivyo ndivyo tunavyoziona njia za kukatiza mgusano. Vitabu vinazitaja kadhaa. Kuna kumeza bila kutafuna, yaani kuishi kwa amri za wengine zilizoingia nzima nzima: usilie, usiombe, jikaze. Kuna kumvisha mwenzako kilicho chako, ukaona hasira machoni mwake nayo iko tumboni mwako. Kuna kuchanganyikana nilikokutaja. Watabibu wa Gestalt Erving na Miriam Polster, katika kitabu chao cha 1973, waliongeza ile ninayopenda kuiita chenga: mzaha, maelezo marefu, kuzungumzia watu kwa ujumla, kutazama pembeni, chochote kinachofanya joto la mkutano lipite kando. Zote hizo zilikuwa busara mahali fulani, wakati fulani. Hata leo zina kazi. Mtu asiyejua kupiga chenga kwenye kikao cha kazi chenye fitina hatadumu.

Kwako wewe nadhani ziko mbili, na ushahidi umeniletea mwenyewe. Ya kwanza ni daftari. Sikuambii ulichome. Daftari linakusaidia usisahau, na pengine linakupa ujasiri. Lakini kitu kilichoandikwa jana kinasomwa leo kikiwa kimekwisha pikwa, na mtabibu anabaki mlaji tu. Hakuna anachoweza kukibadilisha, wala wewe hakuna kinachoweza kukushangaza. Kuzungumza kuhusu huzuni na kuzungumza ukiwa na huzuni, mbele ya mtu, ni vitu viwili. Cha kwanza ni taarifa, na taarifa ina heshima yake, ila mgusano haumo.

Ya pili ni lile uliloliandika kana kwamba ni dogo: "Nilirudi nyumbani nimeudhika, sikusema kitu." Hapa nilisimamisha kusoma. Katika miezi minne, hiyo ndiyo saa ambayo kitu kilivuka kutoka kwake kikafika kwako na kikakuchoma. Mgusano ulikuwa umeanza! Ukaukamata katikati, ukaugeuza ndani, ukaondoka nao. Kina Perls walikuwa na jina la hili, ambalo naweza kulieleza kama kujigeuzia: nguvu iliyokuwa iende kwa mwenzako unairudisha mwilini mwako mwenyewe. Taya zinakaza, bega linapanda, kichwa kinauma jioni. Kisha ukaniandikia mimi. Nashukuru kwa imani yako, lakini tazama ulichofanya: maudhi yenye anwani ya mtu mmoja yamepelekwa kwa mtu mwingine.

Nimesema ningerudi kwa mtabibu wako. Yeye naye ana fungu lake. Alisema "sihisi kama tumegusana", na nadharia yake mwenyewe inamwambia kwamba mgusano ni wa wawili. Kina Perls walichota kwa mwanasaikolojia Kurt Lewin wazo la uwanja: kinachotokea kati yenu kinatengenezwa na ninyi nyote, na chumba, na historia ya kila mmoja. Basi swali lake la kwanza lilipaswa kuwa yeye mwenyewe alikuwa wapi. Alichoka? Alikuogopa kidogo kwa jinsi ulivyojipanga? Alikuwa anakuruhusu usimulie kwa sababu kwake pia ilikuwa rahisi? Akiyatumia maneno yale kama alama ya kufeli ambayo mwalimu humpa mwanafunzi, amekosea. Akiyatumia kama habari kutoka upande wake wa mpaka, amekupa kitu cha thamani, hata kama kimekukwaruza.

Kosa hili lina historia ndefu. Mwaka 1965 ilitoka filamu ya mafunzo ambamo mwanamke mmoja anazungumza kwa zamu na watabibu watatu: Carl Rogers, Fritz Perls na Albert Ellis. Anamwambia Perls kwamba anaogopa, na huku anatabasamu. Perls analidaka lile tabasamu na halilegezi, hadi mwanamke anakasirika kweli. Alichokiona Perls kilikuwa sahihi. Namna alivyokisukuma, mimi siigi, na siwaruhusu ninaowafundisha kuiiga. Kwa miaka mingi watu waliitazama filamu ile wakadhani tiba ya Gestalt ni kumbana mtu ukutani.

Laura Perls alikuwa na jicho jingine. Alikuwa amesoma Frankfurt, alikofahamiana na fikra za mwanafalsafa Martin Buber, yule aliyeandika mwaka 1923 kuhusu tofauti kati ya kumkabili mwenzako kama "Wewe" na kumtumia kama kitu. Laura alisisitiza egemeo: mtu anaweza kugusana kwa kadiri ya kile kinachombeba. Pumzi, miguu iliyokanyaga sakafu, mgongo ulioshikiliwa na kiti, lugha anayoimudu, imani kwamba hatachekwa. Ondoa egemeo, kisha umlazimishe mtu akutazame machoni, na hupati mgusano. Unapata mtu aliyeganda, au anayekuigizia. Ndiyo maana nimekataa kukuambia uache daftari. Kwa sasa linaweza kuwa egemeo lako, na egemeo halinyang'anywi kabla lingine halijapatikana.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la wanaouliza, "Basi nibadilike vipi?" Arnold Beisser, daktari aliyepooza kwa polio akiwa kijana, aliandika mwaka 1970 kwamba mabadiliko huja mtu anapokuwa vile alivyo, si anapojilazimisha kuwa asivyo. Ukiingia wiki ijayo umeazimia kugusana, utakuwa umeleta kazi nyingine iliyoandaliwa nyumbani, bila daftari safari hii, lakini ni ile ile.

Umeuliza utajuaje. Dalili ni ndogo, na nyingi ni za mwili. Pumzi inashuka tumboni bila kuamriwa. Sentensi zinakuwa fupi. Unaacha kusema "mtu hujisikia" na unajikuta unasema "mimi". Unaona kitu usoni mwa mwenzako ambacho kilikuwepo siku zote. Hujui sentensi yako inayofuata itakuwa ipi, na kuna woga kidogo katika kutojua huko. Baadaye unahisi uchovu mwepesi, kama wa mtu aliyefanya kazi ya mikono. Tafadhali usitafute utamu. Mgusano mwingine ni wa hasira, mwingine ni wa kusema "nimechoshwa na mazungumzo haya" na kugundua kwamba mbingu hazijaanguka. Wala hautadumu. Dakika mbili za kweli katika saa nzima ni nyingi, na anayekuahidi mgusano usiokatika anakuahidi ile hali ya kiganja kilichokufa ganzi juu ya meza.

Sasa la kufanya. Nenda na daftari lako kama kawaida, uliweke mapajani likiwa limefungwa. Keti vizuri, sikia miguu sakafuni, jipe nafasi ya kufika, maana mwili hufika kabla ya mtu. Kisha mwambie lile uliloniambia mimi: "Wiki iliyopita uliposema hatujagusana, niliudhika." Usiongeze sababu. Usiongeze kwamba unaelewa alikuwa na nia njema. Sababu na nia njema vitakuja kwa miguu yao, havihitaji kutangulizwa kama walinzi. Ukishasema, mwangalie. Hii ndiyo sehemu ngumu, na hapo ulimi wako utatafuta kisa cha kusimulia. Ukiuona unatafuta, sema hivyo pia: "Hapa nataka kukimbilia daftari."

Anaweza kukujibu kwa namna nyingi. Akisema yaliyomgusa kwa maudhi yako, hata kama ni kwa kusitasita, mko mpakani. Akianza kukueleza nadharia, amepiga chenga yeye, na una haki ya kumwambia. Akikudharau, au akiyageuza maudhi yako kuwa ugonjwa wako, na akarudia hivyo safari ya pili na ya tatu, tafuta mwingine bila kujilaumu. Hapo utakuwa umefanya upande wako.

Na kama mtagusana, saa haitakuwa imekwisha. Utaona zimebaki dakika kumi na tano na daftari lina kurasa sita ambazo hazijasomwa. Ziache. Kaeni kimya kama kimya kimekuja, ongeeni mambo mepesi kama ndiyo yanayokuja. Yale ya kurasa sita uliyabeba muda mrefu kabla ya wiki hii, na hata ukiyabeba hadi wiki ijayo hayatapotea.